Santuri za soul: Usidanganywe na mng'aro

NILIPOREJEA Burundi mwaka 2009 nikitokea makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, nilipanda lori nikiwa na mke, watoto wawili, magodoro, masufuria, vyeti vyangu vya ualimu na boksi moja la santuri. Wenzangu ndani ya lori walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nategemea kuezeka nyumba kwa sahani za muziki.

Hakujua kwamba alikuwa karibu na ukweli. Kwa miaka mingi niliamini kwamba boksi lile ndiyo akiba yangu, na kwamba siku ya shida ningelifungua na kuuza. Siku hiyo ilifika pale binti yangu mkubwa alipopata nafasi katika chuo cha uuguzi, nami nikawa sina ada. Ndipo nilipogundua kwamba kumiliki kitu ni jambo moja, na kujua unachomiliki ni jambo jingine.

Wewe msomaji unayevuka mpaka kila wiki pale Kobero au Mugina huhitaji kuambiwa hasara ya kitu feki. Umeshaona betri za simu zinazokufa baada ya siku tatu, na vitenge vinavyochuja maji ya kwanza. Lakini santuri za zamani ni bidhaa ambayo wengi wetu hatuijui, ilhali ipo. Ipo chini ya vitanda vya wazee, ipo kwenye minada, na wapo wageni wanaozitafuta kwa fedha nzuri. Makala haya ni kwa ajili ya yeyote aliyeachiwa santuri hizo na mzazi, au anayefikiria kuzinunua ili auze.

Boksi la Tabora

Nilizaliwa ukimbizini. Wazazi wangu walikimbia mauaji ya mwaka 1972, na mimi nikasoma shule za Tanzania tangu darasa la kwanza. Nilipokuwa sekondari mjini Tabora, miaka ya tisini, nilipanga chumba kwa mzee mmoja fundi redio. Jioni, umeme ukiwepo, mzee alikuwa akitoa mashine yake ya santuri, anafuta vumbi kwa kitambaa cha pamba, kisha anaweka nyimbo za Wamarekani weusi. Alikuwa hachezi. Alikuwa anakaa tu, macho kafumba.

Mzee aliishi Dar es Salaam miaka ya sitini akiwa kibarua wa bandarini. Santuri zake alizinunua kwa mabaharia, nyingine kwa Wahindi waliokuwa na maduka mjini. Alikuwapo mwaka 1969, wakati Umoja wa Vijana wa TANU ulipoendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Alikuwapo pia Novemba mwaka huo huo, muziki wa soul ulipopigwa marufuku jijini humo kwa hoja kwamba unaharibu utamaduni wa taifa.

Kila alipofika hapo katika masimulizi yake, mzee alikuwa akiinua santuri moja iliyofungwa kwa kipande cha khanga. "Hii, mwanangu," alikuwa akisema, "niliificha ndani ya gunia la mchele." Ilikuwa ni santuri ya Wilson Pickett, wimbo wa "In the Midnight Hour", uliotoka mwaka 1965.

Mwaka 2009 nilikwenda kumuaga. Alinikabidhi boksi zima. Nilimwambia, "Mzee, hizi ni mali yako." Akajibu kwamba watoto wake hawana mashine ya kuzichezea, na mimi nilikuwa nimezisikiliza bure miaka minne, kwa hiyo ni haki nizibebe. Zilikuwa santuri 38. Mzee alifariki miaka miwili baadaye.

Kwa nini santuri ifojiwe?

Kabla ya kueleza namna ya kutambua, tujue kwanza kwa nini mtu ajisumbue kufoji santuri ya wimbo ambao hata redio haikuupiga.

Soul ni muziki wa Wamarekani weusi uliochipuka mwishoni mwa miaka ya hamsini, sauti ya kanisani ikiimba mambo ya dunia. Huko Detroit, Berry Gordy alianzisha Motown mwaka 1959. Memphis kulikuwa na Stax, New York kulikuwa na Atlantic. Nyimbo zilitolewa katika santuri ndogo za inchi saba zinazozunguka mara 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande. Aina hiyo ya santuri ililetwa sokoni na RCA Victor mwaka 1949.

Mbali na kampuni kubwa, zilikuwapo kampuni ndogo nyingi sana, nyingine ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya saluni. Zilifyatua santuri mia chache, wimbo ukakosa kupendwa, na kampuni ikafa. Santuri zikabaki kwenye maghala.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Vijana wa viwandani kaskazini mwa Uingereza, katika miji kama Manchester na Wigan, walizipenda hasa zile nyimbo za kasi ambazo Marekani yenyewe ilizitupa. Walicheza usiku kucha katika kumbi kama Twisted Wheel ya Manchester na, kuanzia mwaka 1973 hadi 1981, Wigan Casino. Mpiga santuri aliyekuwa na wimbo ambao mwenzake hana ndiye aliyejaza ukumbi. Wengine walifunika lebo kwa karatasi au kuandika jina la uongo, ili washindani wasijue ni wimbo gani.

Mahitaji yakawa makubwa, santuri zikawa chache. Mfanyabiashara yeyote anajua kinachofuata. Miaka ya sabini watu walianza kunakili santuri zile bila ruhusa ya wenyewe, na biashara hiyo haijafa hadi leo.

Mfano wa Frank Wilson

Chukua wimbo mmoja tu, "Do I Love You (Indeed I Do)" wa Frank Wilson. Ulitengenezwa mwaka 1965 kwa ajili ya lebo ya Soul, moja ya lebo za Motown. Inasimuliwa kwamba nakala zake zilikuwa kama 250, na karibu zote ziliharibiwa kabla ya kuuzwa, kwa sababu Wilson aliendelea kuwa mtunzi na mtayarishaji badala ya mwimbaji. Zinazojulikana kubaki ni chache mno. Mwaka 2009, mwaka ule ule mimi nikiwa juu ya lori na boksi langu, nakala moja iliuzwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya pauni 25,000.

Sasa angalia. Wimbo huo huo ulifojiwa miaka ya sabini ukiwa na jina la Eddie Foster, mtu ambaye hakuuimba. Halafu mwaka 1979 ukatolewa kihalali nchini Uingereza na Tamla Motown. Sauti ni ile ile, wimbo ni ule ule. Ya kwanza ni bei ya nyumba, ya pili ni haramu, ya tatu ni halali lakini si ya mwaka 1965.

Kwa hiyo tunazo aina nne za santuri, na ni muhimu tusizichanganye. Kuna ya asili, yaani iliyofyatuliwa na kampuni yenyewe wakati wimbo ulipotoka. Kuna ya leseni, iliyofyatuliwa wakati huo huo lakini katika nchi nyingine kwa makubaliano. Kuna ya marudio, iliyotolewa upya baadaye na mwenye haki. Na kuna ya bandia. Santuri ya marudio si wizi. Inakuwa wizi pale anayekuuzia anapokuambia ni ya asili.

Somo nililopewa kwa simu

Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye, ambaye sasa anaishi Uingereza, aliniunganisha na mzee wa Manchester anayenunua santuri. Nilimpigia picha lebo zote 38, nikazituma kwa simu, nikasubiri utajiri.

Jibu lake lilikuwa fupi. Aliniambia lebo hazimtoshi. Alitaka nipige picha ile sehemu nyeusi iliyo kati ya mwisho wa mifereji ya muziki na lebo, pale ambapo sindano huzunguka bila wimbo. Miaka yote niliyokuwa na santuri zile sikuwahi kupaangalia pale. Nilichukua tochi, nikaiinamisha santuri kwenye mwanga, nikaona maandishi madogo yamechimbwa.

Kwa wiki sita tulifundishana. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, maandishi ya ukanda mtupu. Kila santuri ina namba pale, na namba hiyo inapaswa kulingana na iliyo kwenye lebo, au kuhusiana nayo. Zaidi ya namba, viwanda viliacha alama zao. Santuri nyingi za Motown za miaka ya sitini zilifyatuliwa na kiwanda kilichokuwa Owosso, Michigan, nazo zina herufi ARP zilizopigwa kwa mhuri. Kiwanda cha Monarch cha Los Angeles kiliweka herufi MR ndani ya duara, na pembetatu yenye namba iliyoendelea kupanda kadiri miaka ilivyokwenda. Nyingine zina mhuri wa Bell Sound wa New York au wa Nashville Matrix.

Mfojaji wa zamani alinakili lebo kwa uangalifu, lakini mihuri hiyo hakuwa nayo. Mara nyingi alikwaruza namba kwa mkono, basi. Hata hivyo usikimbilie kuhukumu. Zipo santuri za asili ambazo fundi wa kiwandani aliandika kwa mkono. Swali si kama imeandikwa kwa mkono au kwa mhuri, bali kama inafanana na jinsi santuri ile halisi inavyojulikana kuwa.

Pili, mali iliyotumika. Wengi tunadhani santuri zote ni za vinaili. Sivyo. Viwanda kadhaa vya Marekani vilitumia plastiki nyingine, stairini, kwa santuri ndogo. Ya stairini ni ngumu, haipindi, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama kifuniko cha kopo. Ukingo wake ni butu. Ya vinaili inapinda kidogo, ukingo wake ni mwembamba, na mlio wake ni mzito. Lebo ya vinaili hubanwa pamoja na santuri wakati wa kufyatuliwa, ilhali ya stairini hubandikwa kwa gundi baadaye, ndiyo maana wakati mwingine inabanduka. Ikiwa wimbo fulani unajulikana kuwa ulitoka kwa stairini tu, na wewe umeshika ya vinaili, hiyo si ya asili hata kama lebo yake ni nzuri namna gani.

Tatu, chapa ya lebo. Lebo za zamani zilichapwa kwa herufi kali na wino wa rangi nzima. Bandia nyingi zilitokana na kupiga picha lebo ya asili. Herufi hunenepa, matundu ya herufi kama "a" na "e" huziba, na ukitumia lenzi mara nyingi unaona vitone vidogo badala ya rangi kamili. Rangi nayo hukosea kidogo, nyekundu ikaelekea chungwa.

Nne, tarehe zilizojificha. Hapa ndipo mwalimu wa historia anapofaidi. Alama ya herufi P ndani ya duara, inayolinda haki ya sauti iliyorekodiwa, inahusiana na sheria ya Marekani iliyoanza Februari 15, 1972. Santuri ya Marekani yenye alama hiyo haiwezi kuwa imefyatuliwa mwaka 1965. Namba za posta za tarakimu tano zilianza Marekani Julai 1963, kwa hiyo anuani yenye namba hizo haiwezi kuwa ya mwaka 1961. Santuri ndogo nyingi zilikuwa za mono hadi mwishoni mwa miaka ya sitini, kwa hiyo ukiona neno stereo kwenye wimbo wa mwaka 1964, uliza maswali.

Nembo pia huzungumza. Mfano, "Knock on Wood" wa Eddie Floyd ulitoka kwa Stax mwaka 1966, wakati lebo ya Stax ilikuwa ya buluu na picha ya santuri zilizopangwa juu kwa juu. Lebo ya manjano yenye mkono unaobana vidole ilikuja mwaka 1968, baada ya Stax kuachana na Atlantic. Mtu akikuletea wimbo huo katika lebo ya manjano na kuapa kuwa ni wa 1966, mwache aape. Na kwa kuwa Atlantic ilibaki na rekodi za Stax za miaka ile, nyingi zilitolewa tena na Atlantic yenyewe.

Tano, matundu na maneno yasiyopaswa kukutisha. Santuri ndogo ya Marekani kwa kawaida ina tundu kubwa katikati, ya Uingereza ina tundu dogo. Santuri yenye lebo nyeupe na maneno kwamba haiuzwi ilikuwa ya kupelekwa redioni, na inaweza kuwa na thamani kuliko ya dukani. Santuri iliyotobolewa kitundu cha pembeni ni ile iliyouzwa kwa bei ya kutupa ili kumaliza ghala. Hiyo si dalili ya ufoji.

Sita, masikio yako. Hili ndilo lililonishinda kuamini.

Inayong'aa kuliko zote

Katika boksi langu ilikuwapo santuri moja nzuri kupita zote. Haina hata mkwaruzo. Inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mzee alipewa na mwalimu Mwingereza aliyekuwa akifundisha Tabora miaka ya sabini, ambaye alimwachia alipoondoka. Lebo yake ni ya kampuni ndogo ya Detroit. Mimi niliihesabu kuwa ndiyo ada ya binti yangu.

Mzee wa Manchester aliniuliza: "Ukiicheza, unasikia nini mwanzoni, kabla ya ngoma kuingia?" Niliiweka kwenye mashine. Nikasikia mikwaruzo, tik, tik, tik, kisha wimbo, nao ukiwa mzito kama unaopita nyuma ya pazia.

Akaniambia niangalie tena mifereji kwa tochi. Ilikuwa safi. Basi, akasema, ile mikwaruzo si ya santuri hii. Ni ya santuri nyingine. Mfojaji hakuwa na ukanda wa studio, alikuwa na santuri ya asili iliyokwisha kuchezwa sana. Akainakili, na mikwaruzo yake ikanakiliwa pamoja na wimbo. Santuri yangu ilizaliwa na makovu ya mwingine.

Nilipiga tochi kwenye ukanda mtupu. Namba zilikuwa zimekwaruzwa kwa mkono, hovyo, wala hapakuwa na mhuri wowote. Nikatazama herufi za lebo kwa lenzi ya maabara ya shule. Zilikuwa zimenenepa.

Ya Wilson Pickett, ile ya kwenye khanga, ilinisikitisha zaidi. Haikuwa bandia. Ilikuwa halali kabisa, ya Atlantic. Lakini kwenye lebo yamechapwa maneno ya Kiingereza yanayosema ni ya mfululizo wa nyimbo za zamani. Mimi mwalimu niliyasoma mara ngapi, nikadhani ni sifa tu. Wimbo hauwezi kuitwa wa zamani mwaka ule ule unaotoka! Mfululizo huo wa Atlantic ni wa miaka ya sabini. Motown nao walikuwa na wa kwao, wenye jina la Yesteryear.

Maana yake ni kwamba santuri ile haikufichwa ndani ya gunia la mchele mwaka 1969. Ilikuwa haijatengenezwa.

Nilikaa siku kadhaa nikijiuliza kama mzee alinidanganya. Siamini hivyo. Nadhani aliificha kweli santuri, na ile aliyoificha ilipotea au ilivunjika, naye baadaye akanunua nyingine ya wimbo ule ule na kuifunga kwa khanga ile ile. Sisi tuliorudi tunaelewa. Baba yangu naye alikuwa akituonesha jembe alilosema alikimbia nalo mwaka 1972, na mpini wake ulikuwa umebadilishwa mara nne Ulyankulu.

Barua ya mwalimu

Habari za boksi zilisambaa. Jioni moja alikuja nyumbani mwenzetu mmoja, mrejea kama mimi, anayefanya biashara ya kuvuka Kobero. Aliangalia santuri zote, akaishika ile inayong'aa.

"Mwalimu," alisema, "hii naichukua kwa dola 300. Nina mzungu anazitafuta. Sharti moja tu, uniandikie barua kwamba ni ya asili. Wewe ni mwalimu, watakuamini."

Nilimweleza kwamba ni bandia. Nikampa tochi na lenzi. Alicheka. "Ndugu yangu, nani aliifoji hii? Si wazungu wenyewe? Basi inarudi kwao."

Sikuwa na jibu la haraka, na nisiseme uongo, nilizihesabu zile dola. Zilikuwa zaidi ya ada ya muhula. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, kimya.

Nilimjibu hivi: "Atakayeipokea siye aliyeifoji." Halafu nikamkumbusha jambo tunalolijua sote wawili. Tuliporudi, tulikuta mashamba ya baba zetu yana watu. Mbele ya wazee wa kilima na wasuluhishi, kila upande ulileta karatasi. Karatasi moja iliyotunyima nusu ya shamba ilikuwa safi, imenyooka, ina saini nzuri ya mtu msomi. Hakuna aliyeigeuza nyuma. Mtu fulani aliyeaminiwa aliandika barua, kwa kuwa aliombwa na alikuwa na shida.

Mwenzangu alinyamaza. Yeye alipoteza shamba lote. Aliweka santuri ndani ya boksi, akanywa chai, tukaongea mambo mengine. Hakurudi tena kwa suala hilo, ingawa tunasalimiana vizuri tu.

Hesabu ya mwisho

Kati ya santuri 38, za asili za Marekani zilikuwa 6. Zilizofyatuliwa Uingereza zilikuwa 19, na za leseni zilizofyatuliwa Nairobi 8. Za marudio 4. Bandia 1.

Mzee wa Manchester alinunua zile 6 na nyingine 5 za Uingereza, jumla pauni 210. Hazikutosha ada ya mwaka. Zilitosha kumwingiza binti chuoni, na kilichobaki nililipa kwa masomo ya jioni na mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Sasa yuko mwaka wa pili.

Ninayo mambo machache ya kuwausia wasomaji. Usisafishe lebo kwa maji, wala usibandike chochote juu yake. Usiuze boksi zima kwa bei moja kabla hujatenganisha aina nne nilizozitaja. Usikubali kuhukumiwa kwa dalili moja, nzuri au mbaya. Tazama ukanda mtupu, gusa ukingo, soma lebo kwa lenzi, tafuta tarehe zilizojificha, kisha sikiliza. Dalili zikikubaliana, unaweza kutaja bei. Zikipingana, amini ile ambayo mfojaji hakufikiria kwamba utaiangalia.

Dada mmoja anayeuza vitenge sokoni alinisikia nikieleza haya akasema kwamba hakuna jipya. Yeye kitenge cha wax hukigeuza. Maandishi ya ukingoni kila mtu anayaiga siku hizi, lakini wax halisi rangi yake imepenya pande zote mbili. "Mbele ni pa kumwonesha mteja, Mwalimu," alisema. "Mimi nanunua kwa nyuma."

Santuri ile inayong'aa bado ninayo. Kwenye bahasha yake nimeandika kwa kalamu ya wino: BANDIA, ISIUZWE. Ile ya kwenye khanga nayo sijaiuza. Mnunuzi alisema thamani yake ni kama ya chupa mbili za soda, na amesema kweli. Jumapili umeme ukiwepo naitoa, naifuta kwa kitambaa cha pamba, na kuiweka.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari, anaishi Rumonge.